Mlinzi Asiyemjua Mwenye Nyumba: Historia ya Utumikaji wa Zana za Kudhibiti Vifaa vya USB, 1996–2022

Utangulizi

Mwongozo wa USBGuard, programu huria ya kudhibiti vifaa vya USB katika kompyuta zinazotumia Linux, una tahadhari isiyo ya kawaida. Mtumiaji anaonywa asiiwashe programu hiyo kabla hajaandaa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, kwa kuwa akifanya hivyo vifaa vyote vya USB vitazuiwa. Miongoni mwa vifaa hivyo ni kibodi na kipanya. Anayepuuza onyo hilo hujikuta mbele ya kompyuta iliyokingwa dhidi ya kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, na chombo ambacho angekitumia kuandika amri ya kuifungua ndicho kilichofungiwa nje.

Makala haya yanalichukulia tukio hilo kuwa zaidi ya kasoro ya usakinishaji. Yanachunguza historia ya utumikaji wa zana za kudhibiti vifaa vya USB katika kompyuta za mezani na za mkononi, yaani kiasi ambacho mtu wa kawaida anaweza kuzitumia kwa usahihi bila kazi yake kukwama, tangu kiwango cha USB kilipotolewa mwaka 1996 hadi mwaka 2022. Hoja ya msingi ni kwamba historia hiyo ni ya swali moja lililohamishwa kutoka mkono hadi mkono: nani aamue kama kifaa kilichochomekwa ni cha kuaminiwa? Wabunifu wa USB hawakuliuliza. Baadaye lilikabidhiwa wasimamizi wa mifumo. Kisha likawekwa mbele ya mtumiaji ambaye hakuwa na taarifa za kulijibu. Zana zilizofanikiwa zaidi ni zile zilizopunguza kuuliza, wala si zile zilizouliza kwa maneno mazuri zaidi.

Uchambuzi unaongozwa kwanza na Saltzer na Schroeder (1975), ambao katika makala yao kuhusu ulinzi wa taarifa katika kompyuta walieleza kanuni kadhaa za ubunifu. Mbili kati yake zinahusika hapa: kwamba hali ya msingi ya mfumo iwe ni kukataa mpaka ruhusa itolewe, na kwamba ulinzi ukubalike akilini mwa mtumiaji kiasi cha kuufuata kwa kawaida bila kujilazimisha. Wataalamu hao waliziweka kanuni hizo katika orodha moja kana kwamba ni ndugu wanaopatana. Katika USB zinagombana. Tafiti mbili za mwaka 1999 zinasaidia kuuelewa ugomvi huo: ya Whitten na Tygar, iliyoonyesha kwamba wengi kati ya washiriki 12 walishindwa kuitumia ipasavyo programu ya usimbaji ya PGP 5.0 hata walipopewa dakika 90, na ya Adams na Sasse, iliyopinga mazoea ya kumwona mtumiaji kuwa adui wa usalama.

Mlango uliobuniwa bila kitasa

Kabla ya mwaka 1996, mgongo wa kompyuta ya mezani ulikuwa na matundu ya kila namna: la kibodi, la kipanya, la printa, la modemu, kila moja na umbo lake. Kuongeza kifaa mara nyingi kulidai kuizima mashine, kubadili mipangilio ya ndani, kisha kuiwasha tena kwa matumaini. Kampuni saba, yaani Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, zilitoa kiwango cha USB 1.0 mwezi Januari 1996 zikikusudia, pamoja na mambo mengine, kumwondolea mtumiaji adha hiyo. Umbo moja la tundu lingetosha kwa vifaa vya aina zote. Hadi vifaa 127 vingeweza kuunganishwa. Na kifaa kingeanza kazi mashine ikiwa inawaka. Wepesi wa matumizi ulikuwa mojawapo ya sababu za kuwapo kwa kiwango chenyewe.

Gharama ya wepesi huo imo katika utaratibu wa utambuzi. Kifaa kinapochomekwa, kompyuta hukiuliza ni nani. Kifaa hujibu kwa kutaja namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa na daraja la kazi zake: 03 kwa kibodi, kipanya na vifaa vingine vya kuingizia amri, 08 kwa vihifadhi data. Kompyuta hutafuta kiendeshi kinachofaa, ikaanza kukitumia. Hakuna hatua ya kudai ushahidi. Tena kifaa kimoja kinaruhusiwa kujitaja kwa madaraja kadhaa kwa wakati mmoja, jambo lenye manufaa halali: spika za masikioni zenye vitufe vya kupandisha sauti ni kifaa cha sauti na pia ni kifaa cha kuingizia amri. Kompyuta ni bawabu anayempokea mgeni kwa jina analojitajia mwenyewe, kisha akampa ufunguo wa kila chumba alichokiomba.

Haifai kuwahukumu wabunifu hao kwa macho ya leo. Vifaa walivyovifikiria vilinunuliwa dukani na kukaa mezani kwa miaka. Hata Apple ilipotoa iMac mwaka 1998 ikiwa imeyaacha matundu ya zamani na kutegemea USB, waya huo bado uliunganisha kompyuta na mali ya mwenye kompyuta. Kilichobadili maana yake ni flashi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2000. Ile iliyouzwa na IBM ilikuwa na megabaiti 8 tu. Sasa kifaa cha USB kilikuwa kitu cha kusafiri, kinachotoka mashine hii kwenda ile mfukoni mwa mtu, bila kuacha kumbukumbu ya kilikopita.

Flashi mfukoni, amri ofisini

Zana za mwanzo hazikuundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Katika Windows XP, msimamizi aliyetaka kuzima flashi zote alifungua hifadhi ya mipangilio ya mfumo, akaitafuta huduma iitwayo USBSTOR na kubadili thamani moja kutoka 3 kuwa 4. Nyongeza kubwa ya pili ya mfumo huo, iliyotolewa mwaka 2004, ilileta mpangilio wa kuzifanya flashi zisomeke tu bila kuandikika. Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ilipanua uwezo huo: taasisi ingeweza kuruhusu au kuzuia usakinishaji wa vifaa kwa namba zao za utambulisho au kwa madaraja yao. Katika yote hayo mtumiaji hakuwa na sauti. Aliona tu kwamba flashi haifanyi kazi. Hata hivyo Vista ilimpa msimamizi nafasi ya kuandika ujumbe wake mwenyewe wa kuonyeshwa pale kifaa kinapozuiwa, jambo dogo linalostahili kutajwa kwa kuwa linakiri kwamba upande wa pili wa katazo kuna mtu.

Mwaka 2008 ulionyesha kikomo cha njia hiyo. Kwa mujibu wa William Lynn, aliyekuwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani, katika makala aliyoichapisha mwaka 2010, flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mkononi katika kambi ya kijeshi Mashariki ya Kati ndiyo iliyoingiza programu haribifu katika mitandao ya jeshi hilo, ikiwamo ile ya siri. Novemba 2008 jeshi lilipiga marufuku flashi. Februari 2010 marufuku ililegezwa kwa masharti. Upo ushuhuda hapa kuhusu utumikaji. Taasisi yenye nguvu za kuamuru kuliko karibu nyingine yoyote haikuweza kudumisha katazo kamili, kwa kuwa kazi zenyewe zilihitaji kubeba data mahali ambapo mtandao haukufika au haukutosha.

Kirusi cha Conficker, kilichoanza kuenea Novemba huohuo na baadaye kikajifunza kupitia flashi, kinafundisha zaidi. Tangu Windows 95 mfumo huo ulikuwa na uwezo wa kuendesha programu yenyewe pale diski inapoingizwa, uwezo uliokusudiwa kurahisisha usakinishaji kutoka kwenye santuri za kompyuta. Flashi ilipochomekwa katika Vista, dirisha lilifunguka likiorodhesha hatua ambazo mtumiaji angeweza kuchagua. Conficker kiliongeza mstari wake juu ya orodha, kwa maneno yaleyale ya kufungua kabrasha na kuona mafaili, na kwa picha ileile ya kabrasha. Mstari mmoja ulifungua flashi; mwingine uliendesha kirusi. Tofauti ilikuwa katika maandishi madogo, hasa kichwa cha habari juu ya kila kundi la hatua. Kumwambia mtumiaji awe makini mbele ya dirisha kama hilo ni sawa na kumlaumu mtu kwa kushindwa kutofautisha sarafu mbili zilizofuliwa kwa kalibu moja.

Dawa iliyofaa haikuwa elimu kwa umma wala onyo jipya. Katika Windows 7, mwaka 2009, Microsoft iliuondoa uwezo huo kwa flashi na kuubakiza kwa santuri. Februari 2011 badiliko hilo likapelekwa kwa XP na Vista kupitia masasisho ya kawaida. Mtumiaji hakuulizwa lolote. Swali lenyewe liliondolewa mezani.

Kifaa kinachojieleza kwa uongo

Ulinzi uliotajwa mpaka hapa uliiogopa flashi kwa kilichomo ndani yake. Agosti 2014, katika mkutano wa Black Hat huko Las Vegas, Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba hofu hiyo ilikuwa imelenga pembeni. Programu iliyomo ndani ya chipu ya flashi ya kawaida inaweza kuandikwa upya ili flashi ijitaje kuwa kibodi na kuanza kupiga amri kwa kasi isiyoweza kufuatwa na jicho. Mbinu ya kibodi bandia haikuwa mpya. Hak5 ilikuwa ikiuza kifaa cha namna hiyo, USB Rubber Ducky, tangu mwaka 2010. Jipya lilikuwa kwamba hata kifaa cha kawaida cha dukani, chenye chembo na chapa inayofahamika, kingeweza kugeuzwa. Kuchunguza mafaili hakusaidii, kwa maana uovu haumo katika mafaili. Kufuta flashi hakusaidii pia.

Taasisi inayosimamia kiwango cha USB ilijibu kwamba watumiaji wahakikishe vifaa vyao vinatoka kwenye vyanzo vinavyoaminika. Ushauri huo unarudisha tatizo palepale lilipoanzia. Kama kifaa kingeweza kuthibitisha chanzo chake, kusingekuwa na tatizo.

Kwa bahati, katika Linux chombo cha kiufundi kilikuwa kimekwisha kuandaliwa. Mwaka 2007 Inaky Perez-Gonzalez wa Intel aliongeza katika keneli ya mfumo huo uwezo wa kukiacha kifaa kikiwa kimechomekwa lakini hakijaidhinishwa: faili dogo lenye thamani 0 au 1 kwa kila kifaa. Hali ya msingi ilitofautiana. USB isiyotumia waya ilianza na 0. Yenye waya ilianza na 1. Mgawanyo huo unaeleweka, kwani waya ulichukuliwa kuwa ushahidi wa mkono uliouchomeka, na mkono ulichukuliwa kuwa wa mwenye nyumba. BadUSB, kama uvumbuzi wa mwaka 2014 ulivyokuja kuitwa, iliutenganisha mkono na nia yake.

Vitufe vitatu

USBGuard, iliyotoka kwa wahandisi wa Red Hat, ilijengwa juu ya faili hilo la 0 na 1. Ina lugha ya kanuni ambayo kwayo kifaa huruhusiwa, huzuiwa au hukataliwa kabisa kwa kuangalia namba zake, jina, madaraja yake na hata tundu kilimochomekwa. Kwa mtaalamu ni lugha yenye adabu. Kanuni moja inaweza kukataa kila kifaa kinachojitaja kuwa kihifadhi data na kibodi kwa pamoja, na hiyo ndiyo sura ya hila nyingi za BadUSB.

Ugumu hujitokeza katika maisha ya kila siku. Programu hiyo inapoandaa orodha ya kwanza, kifaa kisicho na namba ya pekee hufungwa kwa tundu lake, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kukitofautisha na pacha wake. Kibodi na vipanya vingi vya bei nafuu havina namba hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu anayehamisha kipanya chake kutoka tundu la kushoto kwenda la kulia amekuwa, machoni pa mlinzi, mgeni. Kiufundi uamuzi huo ni sahihi. Kwa mtumiaji ni kichekesho, na mlinzi anayechekesha hufukuzwa kazi mapema.

Kwa wasiotaka kuandika kanuni, USBGuard ilikuwa na programu ndogo ya dirisha. Kifaa kipya kilipochomekwa, dirisha lilionyesha jina lake, namba zake na madaraja yake kwa tarakimu za kimashine, kisha likatoa vitufe vitatu: ruhusu, zuia, kataa. Saa ilihesabu kurudi nyuma, na ikiisha kifaa kilizuiwa. Dirisha liliweza hata kupangwa litokee mahali pasipotabirika kwenye skrini, ili kipanya bandia kisijue pa kubofya. Ufundi wake haupingiki. Lakini taarifa zote zilizoonyeshwa zilitoka kwa mtuhumiwa mwenyewe. Jina la kifaa ni lile kilichojiita. Namba ni zile kilizozitaja. Mtumiaji aliitwa kuwa hakimu katika shauri lenye shahidi mmoja, naye ndiye mshtakiwa, na tofauti kati ya kuzuia na kukataa haikuwa na maana yoyote kwake.

Tian, Bates na Butler wa Chuo Kikuu cha Florida walijaribu kugeuza swali mwaka 2015 kwa mfumo walioupa jina la GoodUSB. Badala ya kumwuliza mtumiaji kama anakiamini kifaa, mfumo ulimtaka aseme kifaa hicho ni nini, kwa msaada wa picha. Akisema ni flashi, kifaa kilipewa viendeshi vya flashi tu. Kikijaribu kuwa kibodi, kilinyimwa. Hilo ni swali ambalo mtu analijua jibu lake, kwa sababu amekishika kitu mkononi na anajua alikusudia kufanya nini nacho. Katika zana zote zilizochunguzwa hapa, hii ndiyo iliyomheshimu mtumiaji zaidi. Ilibaki kuwa mfumo wa kitafiti.

Je, watumiaji hukosa busara? Mwaka 2016 Tischer na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la kudondosha flashi 297 katika eneo la Chuo Kikuu cha Illinois. Karibu zote ziliokotwa, na kwa asilimia 45 ya flashi hizo mafaili yalifunguliwa. Ya kwanza ilifunguliwa chini ya dakika sita tangu kudondoshwa. Takwimu hizo hunukuliwa mara kwa mara kama ushahidi wa uzembe. Nusu ya pili ya utafiti hunukuliwa kwa nadra: kati ya waliokubali kueleza sababu zao, asilimia 68 walisema walitaka kumpata mwenye flashi. Mtu wa namna hiyo akiulizwa na dirisha kama anaruhusu, atabofya ruhusu, na atafanya hivyo kwa wema. Hakuna urekebishaji wa maneno ya dirisha utakaomfanya aone kuwa kurudisha mali ya mtu ni kosa.

Wakati badala ya utambulisho

Kuanzia mwaka 2018 mwelekeo ulibadilika. Julai mwaka huo Apple, katika iOS 11.4.1, iliweka utaratibu kwamba simu ikiwa imefungwa kwa saa moja, tundu lake halizungumzi na kifaa kipya mpaka simu ifunguliwe. Utaratibu huo hauulizi kifaa ni nani. Unauliza kama mwenye nyumba yupo.

GNOME, mazingira ya skrini yanayotumika sana katika Linux, yalichukua wazo linalofanana mwaka 2020 huku yakiitumia USBGuard kwa ndani. Skrini ikiwa imefungwa, kifaa kipya huachwa bila idhini. Mtumiaji akirudi huonyeshwa taarifa kwamba kuna kifaa kilichochomekwa hayupo, akiombwa akichomoe na kukichomeka tena kama anakitaka. Hakuna vitufe vitatu. Tendo la kuchomeka upya ndilo jibu, na ni tendo linalokusudiwa kufanywa na mkono. Hata hivyo kibodi iliwekewa mlango wa pembeni: kifaa kinachojitaja kuwa cha kuingizia amri pekee huruhusiwa hata skrini ikiwa imefungwa, na mtumiaji hupewa taarifa tu. Waundaji walijua kwamba kibodi huharibika, na aliyeharibikiwa hawezi kuandika nywila kwa kibodi iliyokataliwa. Huo ni udhaifu uliochaguliwa kwa macho yaliyofumbuliwa, tofauti kabisa na ukamilifu wa USBGuard unaomfungia mtu nje.

Apple ilirudi kwenye swali la wazi mwaka 2022, katika macOS Ventura, kwa kompyuta zake za mkononi zenye chipu za kampuni hiyo: kifaa kipya kikichomekwa, mfumo huuliza kama kiruhusiwe, na kikikataliwa bado kinaweza kuchajiwa. Inaelekea si bahati kwamba utaratibu huo ulianzia kwenye kompyuta za mkononi. Kibodi yake imo mwilini mwa mashine, si kitu cha kuchomekwa, kwa hiyo mwenye nyumba ana mdomo wa kujibia ambao haumo katika orodha ya watuhumiwa.

Kompyuta yenye wageni wengi

Zana zote zilizojadiliwa zinamchukulia mtumiaji kuwa na kompyuta yake na vifaa vichache vinavyojirudia. Dhana hiyo haiendani na steshenari za Dar es Salaam au saiba za Nairobi, ambako mhudumu huchomeka flashi za watu asiowajua tangu asubuhi hadi jioni ili kuchapa barua za kazi, wasifu na tasnifu. Kwake jibu la swali la kama kifaa kinafahamika ni hapana kila mara, na riziki yake inategemea kukubali. Dirisha la kuuliza litazimwa kabla ya mchana. Ulinzi wa skrini iliyofungwa hautamfaa, kwa sababu skrini yake haifungwi. Kuondolewa kwa uendeshaji wa moja kwa moja mwaka 2011 kulimsaidia yeye kuliko zana nyingine yoyote, na pengine hakuwahi kusikia kwamba kulifanyika.

Lugha ya kanuni ya USBGuard ina uwezo wa kumhudumia. Mistari michache ingetosha kusema kwamba matundu ya mbele yapokee vihifadhi data tu, matundu ya nyuma yabaki kwa kibodi na printa za ofisi, na chochote kinachojitaja kwa madaraja yote mawili kikataliwe bila kuulizwa mtu. Kirusi kilichomo ndani ya faili kingeendelea kupita, lakini kibodi iliyojificha ndani ya flashi isingepita. Mistari hiyo huandikwa kwa namba za madaraja na namba za matundu, katika faili ambalo ni msimamizi wa mfumo pekee anayeruhusiwa kulibadili. Katika dirisha lenye vitufe vitatu hapakuwa na mahali pa kusema mbele na nyuma.